Akili unde ndani ya kompyuta yako, bila bando na bila kutoa siri nje

Shule zinapokaribia kufunguliwa, saiba zilizo kando ya Kibera Drive, kuanzia Ayany hadi Olympic, hujaa wazazi. Mmoja ana fomu ya basari. Mwingine anataka barua ya kumwomba mwalimu mkuu muda wa kulipa karo. Wa tatu amekuja na wasifu wa kazi wa bintiye aliyemaliza chuo. Kawangware hali ni ile ile. Kuandika barua nzuri huchukua muda, na foleni ni ndefu, kwa hivyo si ajabu siku hizi kumwona mhudumu akibandika maelezo ya mteja kwenye huduma ya akili unde ya mtandaoni, akapata barua safi kwa sekunde chache na kuichapisha.

Asichoambiwa mteja ni kwamba maelezo yake yameshatoka kwenye kile chumba. Jina, nambari ya kitambulisho, shule ya mtoto, pengine hata ugonjwa au msiba ulioikosesha familia karo, vyote vimesafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo. Huko vinaweza kuhifadhiwa. Baadhi ya huduma za bure hutumia mazungumzo ya watu kufunzia mifumo ijayo, isipokuwa mtumiaji mwenyewe aingie kwenye mipangilio na kuzima kipengele hicho. Ni wangapi huingia huko?

Ipo njia ya pili, nayo haihitaji mashini ya mamilioni. Akili unde yenyewe inaweza kuwekwa ndani ya kompyuta iliyo mezani, ikafanya kazi bila intaneti na bila neno hata moja kutoka nje. Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya hivyo kwa vifaa vinavyopatikana Nairobi, na yanasema wazi mahali ambapo mbinu hii haifai.

Modeli ni faili

Watu wengi hudhani akili unde ni kitu kinachoishi mtandaoni tu. Ukweli ni kwamba modeli ya lugha, ikishamaliza kufunzwa, ni faili kama faili nyingine, ila kubwa. Ndani yake mna namba nyingi mno zinazoitwa vigezo, na ukubwa wa modeli hutajwa kwa idadi ya vigezo hivyo: bilioni 1, bilioni 4, bilioni 7 na kuendelea. Kuifunza modeli ndiko kunakohitaji majumba ya mashini na stima ya kutosha mji mdogo. Kuitumia ikishakamilika ni kazi nyepesi zaidi.

Mlango ulifunguka Machi 2023, wakati mtaalamu wa programu kutoka Bulgaria, Georgi Gerganov, alipotoa bure programu iitwayo llama.cpp. Iliwezesha modeli kuendeshwa kwenye prosesa ya kawaida, bila kadi ya bei ghali ya michoro. Programu za bure zinazotumiwa sasa, kama vile Ollama na LM Studio, zimejengwa juu ya kazi hiyo. Nazo kampuni kubwa zimeachilia modeli ndogo ambazo mtu yeyote anaweza kupakua: Gemma ya Google, Llama ya Meta, Qwen ya Alibaba na nyinginezo.

Wazo la kuweka maarifa karibu na mtumiaji badala ya kuyafuata mbali si geni Kibera. Taasisi ya Tunapanda ilijenga mtandao wa jamii uitwao TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana mtaani, huku masomo yakihifadhiwa kwenye seva iliyo hapo hapo ili mwanafunzi asitegemee bando. Modeli iliyo ndani ya kompyuta ni hatua nyingine katika njia hiyo hiyo.

RAM kwanza, jina la kompyuta baadaye

Swali la kwanza kuhusu kompyuta yoyote ni hili: ina RAM kiasi gani? Ili modeli ifanye kazi, lazima faili yake iingie kwenye RAM, na ibaki nafasi ya Windows na programu nyingine. Hesabu yake ni rahisi. Katika hali yake ya kawaida kila kigezo huchukua baiti 2, kwa hivyo modeli ya vigezo bilioni 7 ingehitaji GB 14. Ndiyo maana modeli hubanwa hadi kila kigezo kichukue takriban nusu ya baiti, na ile ya bilioni 7 ikashuka hadi karibu GB 4. Ni kama picha iliyotumwa kwa WhatsApp: ubora umepungua kidogo, lakini uso bado unatambulika.

Kwa hivyo mwenye kompyuta ya RAM ya GB 4 ajaribu modeli za vigezo bilioni 1 pekee, ambazo faili zake ni karibu GB 1. Zinatosha kufupisha aya au kusahihisha Kiingereza, si zaidi ya hapo. Mwenye GB 8 anaweza kuendesha modeli za bilioni 3 au 4, kwa mfano Gemma 3 ya bilioni 4, yenye faili ya GB 3.3. Hapa ndipo mambo yanaanza kuwa na faida kwa biashara ndogo. GB 16 huruhusu modeli za bilioni 7 na 8 kwa starehe, hata ile ya bilioni 12 kwa mwenye subira.

Anayekwenda kununua laptopu kuukuu Luthuli Avenue au Moi Avenue, zile zinazojulikana kama ex-UK, asidanganywe na kibandiko cha Core i7. Core i7 ya kizazi cha pili ni mashini ya zamani kuliko Core i5 ya kizazi cha sita. Kizazi husomwa kwenye nambari ya prosesa: i5-6300U ni ya sita, i5-8250U ni ya nane. Kwa Intel, usishuke chini ya kizazi cha nne, kilichotoka 2013, kwa sababu prosesa za kabla yake hazina amri za hesabu ziitwazo AVX2 ambazo LM Studio inazidai. Muuzaji aulizwe pia kama RAM inaweza kuongezwa. Baadhi ya laptopu nyembamba zimechomelewa RAM kwenye bodi, na hizo zitabaki na GB 8 hadi zife.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Ili kutoa kila kipande cha neno, kompyuta huisoma modeli yote kutoka kwenye RAM, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha inaanza upya kwa kipande kinachofuata. Vipande hivyo huitwa tokeni, na hizi si zile za stima. Kwa hivyo kinachoamua kasi ni jinsi RAM inavyosomeka haraka kuliko nguvu ya prosesa. RAM ya DDR4 ya kasi ya 2400 ikiwa kijiti kimoja husomeka kwa karibu GB 19 kwa sekunde, na vijiti viwili vikifanya kazi pamoja hufikisha takriban GB 38. Kwa modeli ya GB 2, hiyo ni tofauti kati ya tokeni 9 na 19 kwa sekunde, tena huo ndio upeo wa juu, kwani katika matumizi halisi kasi huwa chini ya hapo. Ndiyo kusema vijiti viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, ingawa jumla ni ile ile.

Diski nayo iwe SSD. Diski ya zamani inayozunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde, kwa hivyo modeli ya GB 2 itachukua sekunde 20 kuamka. SSD ya kawaida huimaliza kwa sekunde 4 au 5. Kadi ya michoro ikiwepo itaongeza kasi sana, lakini ikikosekana kazi haisimami.

Kuhusu stima, hofu ni kubwa kuliko gharama. Laptopu inayotumia wati 60 kwa saa tano imekula uniti 0.3. Shida kubwa ni stima kupotea na kurudi kwa nguvu, hivyo kifaa cha kukinga umeme ukutani ni lazima, na betri ya laptopu iwe nzima. Isitoshe, modeli inapofikiri prosesa hupata joto. Kompyuta isiwekwe juu ya godoro.

Kupakua mara moja, kugawana mara nyingi

Ollama hupatikana ollama.com na LM Studio lmstudio.ai. Zisipakuliwe kutoka mahali pengine, kwani programu bandia zenye majina yanayofanana hutumiwa kuiba nywila. Ollama hudai Windows 10 ya toleo la 22H2 au jipya zaidi, au macOS, au Linux. Ikumbukwe kwamba Microsoft ilimaliza kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta kuukuu isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza kuwekewa Linux, kama Ubuntu au Mint, bila malipo, na Linux huachia modeli nafasi kubwa zaidi ya RAM.

LM Studio inamfaa anayeanza, kwa kuwa kila kitu kinafanyika kwa kubofya: unatafuta modeli, unaipakua, unaanza kuzungumza nayo. Ollama ina dirisha la mazungumzo pia, lakini wengi huitumia kwa kuandika amri moja:

ollama run gemma3:4b

Mara ya kwanza amri hiyo huipakua modeli, na mara zinazofuata huifungua tu. Amri ya ollama list huonyesha modeli zilizomo, na ollama rm ikifuatwa na jina la modeli huifuta ili kuokoa nafasi.

GB 3 ni bando kubwa kwa mtu mmoja. Habari njema ni kwamba faili ikishapakuliwa inaweza kunakiliwa kwa flashi kama filamu. Modeli za LM Studio ni faili zenye mkia wa .gguf, nazo za Ollama hukaa kwenye folda ya .ollama, ndani ya folda ya mtumiaji. Kikundi cha vijana kinaweza kupakua mara moja mahali penye Wi-Fi nzuri kisha ploti nzima ikapata. Hapa kuna mtego: flashi nyingi huja katika mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Kompyuta itakataa kuinakili hata kama flashi ni ya GB 64 na iko tupu. Dawa ni kuifomati upya kwa mfumo wa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Modeli ikishafunguka, jaribio la kwanza ni kuzima Wi-Fi na kuchomoa waya wa intaneti, kisha kuiuliza swali. Ikijibu, basi kweli inafanyia kazi ndani ya kompyuta. Jaribio hili si la mapambo. Ollama sasa ina pia modeli zinazoendeshwa kwenye seva zake, ambazo majina yake huwa na neno cloud, na mtu asiye makini anaweza kuchagua mojawapo akidhani yuko salama.

Kiswahili chake kikoje

Modeli ndogo zilifunzwa zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili zinakijua, lakini ngeli huziponyoka, na Sheng huziacha hoi kabisa. Tena maneno ya Kiswahili hukatwakatwa kuwa tokeni nyingi kuliko ya Kiingereza, kwa hivyo barua ile ile huchukua muda mrefu zaidi kuandikwa. Kati ya modeli za ukubwa huu, familia ya Gemma 3 ndiyo ya kuanza nayo kwa Kiswahili, kwa kuwa ilitengenezwa kwa kuzingatia lugha nyingi, zaidi ya 140.

Nairobi nayo imechangia. Mwaka 2023 shirika la Jacaranda Health lilitoa UlizaLlama, modeli ya vigezo bilioni 7 iliyojengwa juu ya Llama 2 na kufunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiswahili. Shirika hilo linaendesha huduma ya ujumbe mfupi iitwayo PROMPTS kwa akina mama wajawazito na waliojifungua, na lilihitaji mfumo unaoelewa maswali yao jinsi wanavyoyauliza. Modeli hiyo iliwekwa wazi kwa umma kupakua. Mwaka uliofuata kampuni ya Lelapa AI ya Afrika Kusini ikatoa InkubaLM, ndogo mno, yenye vigezo bilioni 0.4, kwa lugha tano za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Anayependa kujifunza atapata mengi kwenye hizo mbili. Kwa barua za kila siku za saiba, modeli mpya za jumla bado ndizo rahisi kutumia.

Matokeo hutegemea sana maagizo. Ukiiambia tu "andika barua ya karo," itabuni kila kitu, hadi jina la shule. Agizo linalofaa ni kama hili: "Andika barua rasmi kwa mwalimu mkuu, ukiomba muda hadi mwisho wa mwezi kulipa karo iliyobaki. Tumia maelezo haya pekee. Usiongeze jina, tarehe wala kiasi ambacho sijataja." Kisha maelezo yafuate. Hata hivyo barua isomwe yote na mteja kabla ya kutiwa sahihi.

Isiulizwe mambo ya hakika

Modeli iliyo ndani ya kompyuta haijui kilichotokea baada ya kufunzwa. Haijaunganishwa na eCitizen, wala haijui tarehe ya mwisho ya kurejesha fomu za basari katika wadi yako. Ukiiuliza haitanyamaza. Itatoa tarehe, kwa lugha ya kujiamini, na tarehe hiyo itakuwa ya kubuni.

Mkaazi anaweza kujionea mwenyewe kwa swali ambalo jibu lake analijua. Aiulize: eneo bunge la Kibra lina wadi zipi? Jibu sahihi ni tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley/Kenyatta Golf Course na Sarang'ombe. Modeli ndogo inaweza kutaja wadi za eneo bunge jingine, au mitaa isiyo wadi, bila hata chembe ya shaka. Aliyeliona hilo kwa macho yake hataiuliza kipimo cha dawa ya mtoto, wala siku ya kesi mahakamani. Kazi yake ni kupanga maneno uliyoipa: kufupisha, kutafsiri rasimu, kusahihisha, kupendekeza mpangilio wa wasifu.

Siri za mteja na sheria

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haibagui kati ya benki kubwa na saiba yenye kompyuta tatu. Anayekusanya na kutumia maelezo ya mtu anatakiwa awe na sababu halali, amweleze mhusika yanatumikaje, na ayalinde. Sheria hiyo pia inaweka masharti ya kupeleka data za watu nje ya nchi. Kanuni za 2021 zinawaondolea wajibu wa kujisajili wengi wenye biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, ingawa baadhi ya sekta, kama afya, hazina msamaha huo. Msamaha wenyewe ni wa usajili tu. Wajibu wa kulinda data unabaki, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia moja ya mapato ya mwaka kwa kampuni, kutegemea kilicho kidogo.

Modeli ya ndani inaondoa tatizo la data kusafiri. Haiondoi mengine. Mazungumzo hubaki kwenye historia ya programu, na kompyuta ya saiba hukaliwa na watu ishirini kwa siku. Mteja wa saa nne anaweza kusoma barua ya mteja wa saa tatu. Kwenye mashini ya mtaani hatari kubwa haiko California, iko kwa anayekalia kiti baada yako na kwa mwizi wa usiku. Kwa hivyo kompyuta yenye modeli iwe ya mhudumu pekee na iwe na nywila, historia ifutwe kila kazi inapokwisha, na diski yote isimbwe kwa BitLocker ikiwa Windows ni ya Pro, au kwa kipengele kinachotolewa wakati wa kuweka Linux. Nambari ya kitambulisho haina sababu ya kuingizwa kwenye modeli hata kidogo. Barua iandikwe ikiwa na nafasi wazi, kisha nambari ijazwe mwishoni kwa mkono.

Kwa upande wake, mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa karatasi zake: maelezo yangu yanaandikiwa kwenye kompyuta hii, au yanatumwa mtandaoni? Anayeamini kwamba siri zake zimetumiwa vibaya anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data bila kulipa ada, na sheria inaitaka ofisi hiyo imalize kuyachunguza ndani ya siku 90.